Nafasi ya Sarafu

Mdogo wangu alinipa mpaka tarehe 27 Desemba. Siku hiyo, alisema, vijana wa chuma chakavu watapanda na mitungi yao ya gesi, wataikata Land Rover ya baba vipande vipande palepale ilipo na kuipima kwa kilo. Hakusema kwa ubaya. Yeye ndiye mziwanda, na kwetu Uchaggani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kihamba ni chake, na gari limekaa kwenye kihamba chake, chini ya mringaringa, hatua kama ishirini kutoka kaburi la baba. Alitaka pale ajenge banda la ng'ombe.

Kulikuwa na njia nyingine. Mtu mmoja wa Arusha anayependa magari ya zamani alikuwa tayari kuinunua nzima, kwa bei nzuri kuliko ya kilo, kwa sharti moja: tuishushe wenyewe mpaka Himo, barabara kuu, ambako angeipakia kwenye lori. Winchi haiwezi kuingia kwetu. Njia inapita katikati ya migomba, inavuka mfongo, halafu inashuka kama ngazi. Gari lazima livutwe kwa kamba, na hakuna mtu mwenye akili atakayekaa kwenye usukani wa tani moja na nusu ya chuma kwenye mteremko wa Marangu bila breki.

Kwa hiyo nilichukua likizo na kupanda basi kutoka Dar tarehe 18, pamoja na Wachagga wenzangu wote, kama ilivyo ada ya Desemba. Mimi si fundi, ni mwandishi wa habari. Ila nilikulia kwenye lile gari, na nilikuwa najua spana kumi na saba inatofautianaje na nusu inchi.

Baba aliinunua mwaka 1989 ikiwa tayari imetumika. Ni Series III ya 1976, ile ndefu ya inchi 109. Wakati huo alikuwa mpimaji wa kahawa kwenye chama cha msingi, na kahawa ilikuwa bado ni kahawa. Ushirika wetu wa KNCU ulianza mwaka 1933, na wazee wa mlimani walisomesha watoto kwa zile mbegu nyekundu. Mimi nimesomeshwa kwa mabaki yake. Bei ya dunia ilipoporomoka miaka ya 2000 na 2001, baba, kama majirani wengi, aliiacha mibuni ikajiotea na kugeukia ndizi. Land Rover ikawa inabeba mikungu badala ya magunia. Na ni kweli, baba naye akaanza kushinda kwenye kilabu cha mbege kuliko zamani. Hilo siwezi kulificha, maana ndilo lililofanya yote yaliyofuata yaaminike kirahisi.

Mwezi Septemba 2003 alikuwa anateremka kwenda soko la Himo na mzigo wa ndizi, mjomba wangu akiwa kiti cha kushoto. Kwenye kona moja kabla ya kufika chini, gari halikusimama. Liliparamia kingo za mtaro kwa ubavu wa kushoto. Baba alitoka na mchubuko wa paji la uso. Mjomba mguu wake ulivunjika mahali patatu, na mpaka leo anatembea na fimbo.

Baba alisema neno moja tu: "Breki ziliisha." Siku iliyofuata vijana waliokwenda kulivuta gari waliikanyaga pedeli. Breki zikashika. Wakaikanyaga tena, zikashika. Mmoja wao akacheka, na kicheko hicho kilifika nyumbani kabla ya gari. Tangu siku ile, habari ikawa kwamba mzee alikuwa amelewa. Wiki mbili baadaye baba alituma sale kwa mjomba.

Kwa asiyejua, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, unampelekea jani lake, limefungwa fundo, na yeye akipelekewa hawezi kukataa kusamehe. Mjomba alipokea. Basi watu wakasema: si umeona? Amekiri.

Gari likasukumwa chini ya mringaringa, na baba hakuendesha tena mpaka alipofariki, miaka mitatu iliyopita.

*

Mfumo wa breki wa Land Rover ya zamani ni rahisi hata kwa mtu wa habari. Unakanyaga pedeli. Pedeli inasukuma fimbo fupi ya chuma, ambayo mafundi wanaiita pushirodi. Fimbo inasukuma pistoni ndani ya masta silinda, pistoni inasukuma mafuta ya breki kwenye mabomba, na mafuta yanafungua viatu vya breki ndani ya madramu ya magurudumu. Ukiachia, kila kitu kinarudi.

Masta silinda ilikuwa imeganda. Nilipokanyaga pedeli ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Ilibidi itoke, ifunguliwe, ioshwe, na iwekewe raba mpya. Nilifungua bomba, nikakinga matone ya mwisho ya mafuta yaliyokuwa meusi kama kahawa, nikafungua bolti zinazoshika boksi la pedeli. Mtoto wa mdogo wangu alinishikia tochi ya simu. "Shangazi, hii itapona kweli?" Nikamwambia tutaona.

Boksi lilitoka likiwa na pedeli yake na silinda yake, zito kama mtoto mchanga aliyenona. Silinda yenyewe inashikwa kwenye boksi na bolti mbili tu, na hizo zilikubali. Ila silinda haikutoka. Fimbo yake inapita kwenye tundu la pini nene iliyolala kwenye kichwa cha pedeli, na inakazwa kwa nati mbili, moja huku na nyingine kule. Miaka 21 ya mvua za mlimani ilikuwa imeunganisha fimbo, pini na nati zikawa chuma kimoja. Nilivuta. Nilipiga nyundo mara mbili, nikaogopa, nikaacha.

Kesho yake nililitia lile boksi kwenye kiroba na kuteremka nalo kwa Hiace mpaka Himo, kisha Moshi mjini. Konda alitaka kulipandisha juu na mizigo. Nikamlipa nauli ya kiti, nikalipakata.

Gereji niliyoelekezwa iko upande wa Pasua, chini ya mti, ukuta wake ni mabodi ya Peugeot zilizokufa. Kijana wa kwanza aliangalia sekunde tano. "Dada, hii kata tu. Msumeno dakika kumi, unanunua nyingine."

"Fimbo yake inauzwa peke yake?"

"Hapana. Unanunua masta nzima."

"Ipo Moshi?"

Akacheka. "Krismasi hii? Labda Nairobi."

Ndipo mzee aliyekuwa ameketi kwenye tairi, anakunywa chai, akanyoosha mkono bila kusema. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaligeuza lile boksi kwenye mwanga kama mtu anayesoma barua. Akabandua kile kiraba cha kuzuia vumbi, akachungulia mdomo wa silinda. Alikaa hapo muda mrefu.

"Hili gari lilipata ajali?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Kwenye mteremko?"

Nikasema ndiyo. Hakueleza. Alichukua msumari akachora alama mbili kwenye nyuzi za fimbo, kila moja pale nati ilipokaa. "Mtu asiguse hizi nati kabla sijaona vizuri," alimwambia kijana. "Na wewe binti yangu, usikubali kukatiwa. Ukikata, umepoteza maneno yake."

*

Kazi ilichukua siku nne, na nyingi katika hizo zilikuwa za kusubiri. Alichanganya dizeli na mafuta ya gia boksi, akadondoshea kwenye ile pini asubuhi na jioni. Mafuta mazito peke yake hayapenyi, alisema, na dizeli peke yake inapenya halafu inakimbia. Kila alipodondoshea aligonga pini kwa nyundo ndogo, huku nyundo kubwa ameiegemeza upande wa pili ili pigo lisipinde fimbo. Hakuwa anataka kuitoa. Alikuwa anaitikisa tu ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia.

Siku ya tatu kijana alileta mtungi wa gesi. Mzee alimzuia kwanza mpaka silinda ikaguliwe kwamba haina tone la mafuta ya breki ndani, maana yale yanashika moto, na silinda iliyoziba ikipashwa inaweza kukutemea usoni. Kisha wakafunga boksi kwenye jiriwa, wakafunika silinda kwa matambara ya maji, na kupasha ile pini peke yake, si fimbo. Chuma kikipata joto kinatanuka, tundu nalo linatanuka. Mara moja haikutosha. Walipasha, wakaacha ikapoa, wakadondoshea tena. Mara ya tatu nati ya mbele ilitoa mlio mdogo, kama panya. Nyuzi zilikuwa bado nzima.

Asubuhi ya tarehe 23 fimbo ilizunguka. Mzee aliikamata kwa koleo, akaizungusha robo mbele, robo nyuma, kama mtu anayemwondoa mtoto usingizini, na silinda ikatoka mzima mzima mkononi mwake. Kijana akasema, "Aisee." Mimi nilitaka kupiga picha. Mzee akasema ngoja.

Alirudisha fimbo mahali pake mpaka kwenye zile alama za msumari, akalaza pedeli kwenye kituo chake cha kupumzikia, akaniita nichungulie. Ndani ya mdomo wa silinda kuna klipu, na nyuma yake kuna washa. Pedeli ikiwa haijakanyagwa, washa inatakiwa iwe imeegemea klipu, na kati ya fimbo na pistoni kubaki nafasi ndogo, milimita moja na nusu. Mzee alisema kama unene wa sarafu. Hapa washa ilikuwa imeachana na klipu. Pedeli imelala, hakuna mguu wa mtu, lakini pistoni imesukumwa ndani.

"Gari hili," alisema, "lilikuwa linashika breki lenyewe muda wote."

Kisha akanieleza kwa utaratibu, na mimi nikatoa daftari kwa mazoea. Ile nafasi ya sarafu inaruhusu pistoni irudi mpaka mwisho, na ikirudi mwisho ndipo njia ya mafuta kurudi kwenye tanki inafunguka. Isiporudi, mafuta yamefungiwa. Unaanza kuteremka, unakanyaga kidogo, breki zinapata joto, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma viatu vizidi kukaza. Vinasugua zaidi, joto linaongezeka. Dereva anadhani gari ni zito kwa sababu ya mzigo. Mafuta ya breki mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Lakini yanavuta unyevu kutoka hewani, na yakishakuwa na maji, kiwango kinaweza kushuka mpaka kama 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedeli inakwenda mpaka sakafuni kama vile hakuna kitu.

"Halafu likipoa?" niliuliza, ingawa nilishaanza kujua jibu.

"Likipoa, mvuke unarudi kuwa maji. Kesho ukikanyaga, breki zipo."

Nilikaa kwenye tairi lake.

Nimeandika habari za ajali kwa miaka kumi na miwili. Karibu zote zina sentensi ileile kuelekea mwisho: chanzo cha ajali hiyo ni mwendokasi, au ulevi, au dereva kushindwa kulimudu gari. Ninaiandika bila kufikiri, kama mtu anavyofunga sala. Sikuwahi kuandika kwamba chanzo ni nafasi ya milimita moja na nusu. Na katika miaka yote hiyo, ajali ambayo sikuwahi kumuuliza mtu hata swali moja ni ile ya baba yangu mwenyewe.

Mzee aliniuliza, "Nani alikaza nati hii?"

Nilikuwa nataka kusema sijui, ndipo nikakumbuka. Nilikuwa na miaka 15. Ilikuwa alfajiri, siku ya soko, na pedeli ilikuwa imeanza kwenda chini sana. Dawa yake halali, najua sasa, ni kurekebisha viatu vya breki kwenye kila gurudumu, lakini hiyo inataka jeki na nusu siku, na ndizi zilikuwa zimeshapakiwa. Baba alifungua kile kifuniko kidogo juu ya boksi, akaingiza spana. Mimi nilikaa kwenye usukani, mguu kwenye pedeli. Aliniambia nimwambie breki ikiwa juu. Alikuwa anakaza, mimi ninabonyeza kwa mkazo mdogo. Bado, baba. Bado. Sasa.

Sikumjibu mzee wa gereji. Nadhani aliona, kwa sababu alichukua chai yake na kuanza kuzungumzia bei ya raba.

*

Jioni nilimwambia mama kwanza. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya. "Baba yako alikuwa anakunywa," alisema. "Siku zile alikuwa anakunywa. Siku ile ya ajali, sijui. Nilikuwa nimemkasirikia kwa siku nyingine zote, kwa hiyo hata hiyo nikaihesabu." Halafu akaniomba nimsogezee maji.

Kesho yake nilikwenda kwa mjomba. Nilikuwa nimejiandaa kama ninayekwenda kumhoji waziri. Shikamoo mjomba, marahaba, akaagiza niletewe mbege, tukaongea habari za mvua. Nikamwonyesha fimbo niliyoiweka kwenye kibegi, na zile alama mbili za msumari. Nikaanza kueleza habari ya washa na klipu.

"Nati," alisema mjomba.

Nikanyamaza.

"Alikuja mwenyewe baada ya sale. Usiku. Akaniambia, shemeji, nati ile niliikaza mimi, niliikaza kupita kiasi, nimeifikiria hospitalini na nimeelewa. Nikamwambia sale imeshafika, yameisha. Sale ikishafika hatuyafukui."

"Kwa hiyo ulijua hakulewa?"

"Hakuwa amelewa. Aliyelewa ni mimi." Alicheka kidogo, akapapasa goti lake. "Nilikuwa nimeamka na kibuyu. Ndiyo maana hata sikujishikilia. Sasa watu walipoanza kusema gari lile lilinuka mbege, mimi ningesema nini? Kwamba ni mimi? Baba yako aliacha iwe yeye."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia watoto, angalau baada ya msiba. Alinitazama kama ananionea huruma. "Wewe kazi yako ni kuuliza. Hukuniuliza."

Nilitaka kumwambia habari ya mguu wangu kwenye pedeli ile alfajiri. Nilimwambia. Alitikisa kichwa pole pole. "Ulikuwa mtoto. Uliambiwa useme ikiwa juu, ukasema. Kunywa mbege yako."

Sijui kama hilo linanitosha. Ila baba alijua nilikuwepo. Alijua nani alisema "sasa". Miaka kumi na minane aliishi na mimi, akanisomesha mpaka chuo kikuu, na hakuwahi kulitaja. Huenda alilisahau. Mimi nadhani hakulisahau.

*

Tarehe 26 tulirudisha boksi. Raba zilikuwa mpya, silinda imesuguliwa kwa msasa laini mpaka ikang'aa, fimbo ni ileile ya zamani. Vijana wa chuma chakavu walipigiwa simu wasipande. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyelala chini ya magurudumu kurekebisha viatu, moja baada ya jingine, kwa jeki, kama ilivyotakiwa kufanyika mwaka 2003. Alichukua saa tano, na alilalamika saa tano.

Mjomba alikuja na fimbo yake kutazama. Tulihitaji mtu wa kukanyaga pedeli wakati tunatoa hewa kwenye mabomba, na wote tulikuwa na mikono michafu, kwa hiyo akapanda kwenye kiti cha dereva kwa shida, upande ambao hakuwahi kukaa. Nati nilikaza mimi. Niliacha nafasi, nikapima kwa jicho, nikafungua, nikapima tena.

Mjomba akabonyeza, akasita, akabonyeza tena.

"Mbona inacheza hapa mwanzoni?"

"Inatakiwa icheze, mjomba."